Nafasi ya Thelathini na Saba

Kijiwe chetu hapa Okihama, mji wa pwani ya Japani, ni benchi la mbao mbele ya duka la mchele la Hisae, ubavuni mwa mashine ya kahawa za kopo. Kila asubuhi tunakuwa wanne. Kuna Soroban, karani mstaafu wa posta, aliyepewa jina la kihesabio cha shanga asichokiacha nyumbani. Kuna Waziri, fundi wa mapaa, ambaye hajawahi kushika cheo ila huongea kama aliyetoka kikaoni Tokyo. Kuna Hisae mwenyewe, ambaye sisi humwita Redio. Na kuna mimi, Mwalimu, niliyefundisha fizikia sekondari ya hapa kwa miaka thelathini na moja. Siku ile ya mwisho wa Agosti, orodha ya dunia ya riadha ilikuwa imetoka alfajiri. Katika mruko mrefu wa wanawake, Minegishi Kaho, binti wa wauza tofu ya soya wa mtaa wa pili, alikuwa wa thelathini na saba. Wanaokwenda mashindano ya dunia ni thelathini na sita. Mruko wake bora wa mwaka aliuruka hapa hapa kwenye uwanja wetu, mwezi Mei, na kwenye karatasi uliandikwa bila kipimo cha upepo. Kipima upepo siku ile nilikishika mimi.

Soroban: Nimepiga hesabu mara nne. Mruko usio na kipimo cha upepo unakatwa alama thelathini. Wanachukua matokeo matano, wanatafuta wastani. Thelathini gawa kwa tano, sita. Na huyo wa thelathini na sita kamzidi binti yetu alama nne tu!

Waziri: We bwana, usitulishe shanga asubuhi yote. Timu nzima ya taifa msimu huu haieleweki. Wa kupokezana kijiti wamedondosha kijiti mara mbili, wamepanda. Wa mkuki karusha vizuri, kashuka. Hii orodha inaandikwa na mtu au na paka?

Redio: Wa kutembea kwa kasi ndio wako juu.

Waziri: Si ndiyo nakwambia! Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Wenye kutembea wamebarikiwa.

Soroban: Kaho anaruka, mzee. Hatembei.

Waziri: Kabla ya kuruka anafanya nini? Anakimbia. Basi, baraka imeishia hapo.

Nilifungua kopo langu. Kahawa ilikuwa baridi na tamu kupita kiasi.

Mimi: Jamani, siku ile ya Mei, mimi ndiye...

Redio: Mwalimu, kunywa kahawa kwanza. Halafu nyie, mnasahau jambo moja. Jua linachomoza kwetu kabla ya Ulaya, wanakoiandika hiyo orodha. Kaho karuka Jumapili asubuhi, si ndiyo? Kule bado Jumamosi usiku. Matokeo yamefika kabla hayajatokea! Kompyuta yao ikasema, huu mruko bado haujarukwa, tutaupaje alama zote? Ikaukata.

Soroban: Mama, mbona wa mkuki naye karusha huku huku kwetu?

Redio: Mkuki ni mzito, unachelewa kufika.

Waziri: Hapana, hapana. Mimi nina habari za ndani. Kule wanapima kwa mwanga wa jua. Mruko wa kwetu ukipimwa na jua la kwao, unapungua. Kila kitu kinapungua safarini. Hata mchele wa Redio.

Redio: Mchele wangu umepungua lini, wewe? Taja siku!

Soroban: Mimi nasema tatizo ni mchanga. Mwaka juzi walileta mchanga mpya wa ufukweni. Mchanga wa bahari unashuka na kupanda na maji. Ukishuka, mrukaji anachelewa kutua, upepo unapata muda wa kuondoka. Ndiyo maana haukupimwa.

Huyu ni mtu aliyesimamia mizani ya posta miaka arobaini bila kukosea gramu. Nilimtazama. Alikuwa anazitazama shanga zake.

Mimi: Soroban, upepo haukuondoka. Kipima upepo...

Soroban: Wewe ni mtu wa fizikia, Mwalimu, mambo ya mchanga huyajui.

Waziri: Tena nawaambia, hawa watu wanaficha jambo. Na mficha uchi hazai!

Redio alimkanyaga Waziri mguuni, na hakujificha kufanya hivyo.

Waziri: Nilimaanisha wazungu. Wa kwenye orodha.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba wote walijua, na labda mtaa mzima ulijua tangu Mei. Mke wangu, Sumire, alifariki mwishoni mwa Machi. Siku arobaini na tisa za matanga, ambazo kila siku niliinama mbele ya picha yake, zilikwisha wiki moja kabla ya mashindano yale ya Mei, na mtu aliyetoka matanga hapa kwetu haambiwi kosa lake usoni. Kwa hiyo walikuwa wamekaa kwenye benchi, watu wazima watatu wenye akili timamu, wakiibebesha bahari na jua kosa langu.

Kaho alifika kwa baiskeli, akaiegemeza kwenye mashine ya kahawa. Mkononi alikuwa na fomu.

— Shikamooni, wazee wangu. Samahani, nimewakatiza.

— Marahaba, mwanangu, akasema Redio. Umekula?

— Nimekula, mama. Mwalimu, nimetumwa na chama cha mkoa. Wanasema kama kipimo kilisomwa kikasahaulika kuandikwa, aliyekisoma anaweza kukijaza leo kabla ya saa sita, akagonga muhuri wake. Wakikipokea, napanda.

Alinipa fomu kwa mikono miwili.

— Mwalimu, upepo ulikuwa kiasi gani?

Soroban alikohoa.

— Siku ile majani hayakutikisika sana, akasema. Moja nukta mbili hivi.

— Moja nukta moja, akasema Waziri. Nilikuwa juu ya paa. Paa halidanganyi.

— Mimi nilikuwa nimeanika nguo, akasema Redio. Sifuri nukta nane. Andika, Mwalimu.

Namba yoyote kati ya zile ingetosha, maana upepo unaoruhusiwa hauzidi mita mbili kwa sekunde. Muhuri wangu wa jina, ambao kwetu ndio saini ya mtu, ulikuwa mfukoni, kama siku zote. Kaho alikuwa ananitazama, na niliona kwamba ningeandika lolote angeliamini, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kusoma vipimo.

— Sijui, mwanangu, nikasema. Sikubonyeza. Nilikuwa nimekaa pembeni ya njia ya kukimbilia, kidole kwenye kitufe. Ulipoiinamia njia kwa heshima kabla ya kuanza, kama mnavyofanya wanariadha wa kwetu, na mimi nikainama. Nilipoinua kichwa, ulikuwa umeshafika mchangani.

Waziri aliweka kopo chini taratibu.

— Basi siendi, akasema Kaho.

— Huendi. Na ni kwa sababu yangu.

Penye kipimo niliandika: hakikuchukuliwa. Penye sababu niliandika: mpimaji aliinama. Nikagonga muhuri, nikaupuliza wino ukauke, nikamrudishia. Aliisoma mara mbili. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti yake ilikuwa ya mwanafunzi asiyeelewa hatua moja ya hesabu na anataka kuielewa.

— Lakini Mwalimu, mimi nilikuwa naiinamia njia. Wewe ulikuwa unamwinamia nani?

Soroban alizigusa shanga, akaziacha. Waziri aliokota kopo lake. Redio alinitazama, kisha akatazama magunia ya mchele mlangoni. Niliurudisha muhuri mfukoni, nikiiwaza picha ya Sumire. Tulikaa hivyo, watu wazima wanne, mpaka Kaho akaikunja fomu na kupanda baiskeli yake, maana saa sita ilikuwa inakaribia na ofisi ya chama iko mbali.