Mwenye Hela ya Kisima

Asubuhi ile kwenye benchi la kahawa la Somanda, hapa Bariadi, Nyanjige alikaa katikati kama mshitakiwa. Shirika la Mikono Mikunjufu lilitaka kona ya shamba lake lichimbe kisima cha kijiji, na jibu lilitakiwa leo. Maji aliyataka. Alichohofia ni mwenye hela kuibuka siku moja na kudai shamba zima. Siku hizo wageni walikuwa wengi, wa pamba na wa misaada, na wote gari lao jeupe, utawajuaje?

Kristofa, aliyeitwa Bibisi kwa ajili ya redio yake, alishatangaza kwamba hela ni ya mbwa wa Ulaya aliyerithi majumba akafa bila mtoto. Ndaki akapinga. Huyu walimwita Hakimu, ingawa mahakamani alikuwa akifagia tu. Kwake yeye hiyo ilikuwa mahari: ng'ombe wa Wazungu hawapandi ndege, basi wanalipa kwa visima.

— Wanamuoa nani? Mimi? aliuliza Nyanjige. Meno yenyewe nimebaki nayo ya kuchekea tu.

— Usijishushe, mayu, mama yetu, alisema Bibisi.

Jenipha muuza kahawa akawakatiza. Alisema huko Ulaya mashirika yanakusanya nguo kuukuu, yanawauzia wafanyabiashara, na ndiyo mitumba ya sokoni. Hela ya misaada inatoka humo.

Bibisi akalitazama shati lake.

— Hili nimelinunua.

— Na suruali hii mimi, alisema Hakimu. Kwa hiyo wafadhili ni sisi.

Basi hapo hawakushikika. Bibisi alidai koti lake la manyoya ndilo lililonunua pampu. Hakimu akakunja nne, akataka aletewe ripoti. Nyanjige alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani, akilishika sweta lake na kuuliza limenunua mifuko mingapi ya saruji.

Gari jeupe likasimama. Akashuka Shukrani, afisa wa shirika.

— Mwangaluka, wazee, alisalimia.

— Mpisheni mfanyakazi wetu akae, alisema Hakimu, akamweleza yote.

Shukrani alisikiliza bila kucheka.

— Vizuri, wafadhili. Pampu ikiharibika, nani kati yenu atatengeneza?

Bibisi akaanza kutafuta stesheni kwenye redio yake. Hakimu akakumbuka ng'ombe wake hawajanywa maji, akaondoka na kikombe cha Jenipha mkononi.

Nyanjige akawatazama wote wawili, kisha akamgeukia Shukrani.

— Chimba, mwanangu. Kama wenye hela ndio hawa, shamba langu halina wa kulidai.