Laurean Rwegoshora na Trei Mbili za Vitunguu

Ijumaa hii, tarehe 25 Juni 1999, Bwana Laurean Method Rwegoshora anarudisha funguo za chumba cha kuoteshea mbegu, baada ya kukitumikia Kituo cha Mbegu na Misimu hapa College Park kwa miaka ishirini na miwili na miezi miwili. Wakubwa watamsifu kwa Kiingereza pale mbele. Sisi wa meza ya Afrika Mashariki tumeachiwa ukurasa huu mmoja wa programu, tuseme naye kwa lugha ambayo yeye huikimbilia anapopatwa na hofu. Na hofu, wanaomfahamu wanajua, haimpitii mbali hata siku moja.

Watanzania wenzake humwita Ta Laurean, kwa heshima ya kwao Bukoba. Sisi Wakenya tumezoea kumwita Mzee. Yeye huitikia yote mawili.

Alikuja Marekani mwaka 1974, akawa anafagia ofisi mchana na kusoma jioni katika chuo cha Annandale. Aprili 1977 Kituo kilimwajiri kumwagilia miche katika banda la vioo. Kazi hiyo aliifanya miaka sita bila kuua trei hata moja, jambo ambalo waliomfuata hawajaliweza. Mwaka 1983 akahamishiwa upimaji wa mbegu, na tangu 1990 ndiye msimamizi wa chumba cha kuoteshea. Hicho ni chumba kidogo, hakina dirisha, na joto lake yeye hulipima mara nne kwa siku ingawa utaratibu unadai mara mbili.

Kwa wageni waliofika leo na hawajui tunafanya nini: Kituo hutayarisha kalenda za kilimo kwa wakulima wadogo wa nchi kadhaa. Kubwa kuliko zote ni ile ya mboga za majira ya baridi nchini India. Inamwambia mkulima wa robo eka lini amwage mbegu kitaluni na lini ahamishe miche shambani: nyanya, kabichi, koliflawa, vitunguu. Kabla ya kila msimu, wenzetu wa India hutuletea kwa posta sampuli za mbegu watakazogawa. Ta Laurean huhesabu mbegu mia, huzilaza kwenye karatasi yenye unyevu, kisha husema ngapi zimeota. Neno lake ndilo huamua fungu gani la mbegu liende kwa watu na lipi libaki ghalani.

Mimi, Nkatha, nilipoingia hapa kuchapa kalenda hizo, nilidhani tarehe ni tarehe tu. Akaniita akanionyesha koliflawa ya aina ya mapema aliyoipanda kwa kuchelewa makusudi. Ilikuwa na kichwa kama kifungo cha koti. Akaniambia kwamba ukikosea mstari mmoja, kuna mama atavuna vifungo vya shamba zima. Tangu siku hiyo mwezi wa Oktoba huukagua mstari kwa mstari kabla ya kuuchapa.

Vituko vyake vipo vingi. Katika mahafali ya binti yake alitoka ukumbini mara tatu kwenda kupiga simu ya kuulizia joto la chumba, na binti akapokea shahada baba akiwa kwenye kibanda cha simu. Mkewe, Mama Edna, anayewauguza wazee kule Rockville, husema aliolewa na kipimajoto. Theluji kubwa ya 1996 ilipofunga barabara, Mzee alifika kazini kwa miguu, ndevu zimeganda, akakuta kila kitu salama. Hakufurahi. Alisema salama ya leo haithibitishi ya kesho.

Hapo ndipo ningependa kuishia, kicheko kikiwa bado mdomoni. Lakini alipojua kwamba mimi ndiye ninayeandika, alikuja mezani kwangu akaniomba niandike pia habari ya Oktoba iliyopita. Nilimkatalia. Akavuta kiti akakaa.

"Andika," alisema. "Wakisoma mazuri tu watadhani kazi hii haiwezi kumdhuru mtu."

Basi ni hivi. Mwishoni mwa Septemba 1998, mtambo wa joto katika chumba cha kuoteshea uliharibika na joto likaanza kupanda. Alikuwa na mafungu mawili ya vitunguu yanayongoja hesabu ya mwisho, fungu la tatu na fungu la nane, yote ya wilaya moja ya Bihar. Akazihamisha trei mbiombio hadi chumba cha pili, akarudishia kadi zake mbele, akahesabu, akaandika ripoti. Fungu la nane lilionekana zuri: mbegu themanini na sita kati ya mia. Fungu la tatu likaonekana bovu: ishirini na tisa. Mbegu ya kitunguu ni ya maisha mafupi. Ikizidi mwaka inaanza kufa. Hakuna aliyeshangaa. Fungu la nane likagawiwa kwa familia mia mbili na kumi na mbili, fungu la tatu likafungiwa ghalani.

Yeye ana desturi ya kuziacha trei rafuni hadi tarehe ya kupanda ifike. Jumatatu, tarehe 19 Oktoba, alizishusha ili azioshe. Alipoipindua ya kwanza akaona, chini yake, nambari aliyoiandika mwenyewe kwa penseli siku ya kwanza. Ilikuwa tatu. Kadi ya mbele ilisema nane.

Nilikuwa wa kwanza kumwona baada ya hapo. Alisimama mlangoni kwangu na trei inayochuruzika maji kwenye zulia, na nilidhani amepokea habari ya msiba.

"Nkatha, mwanangu," aliuliza, "kalenda yako inasema wamwage mbegu lini?"

"Tarehe kumi hadi mwisho wa mwezi, Mzee. Wengine watakuwa wameshaanza."

Akaniwekea trei mezani ili nione. Familia mia mbili na kumi na mbili zilikuwa na mbegu mfu mikononi, kwa neno lake, na zile nzima zilikuwa zimefungiwa ghalani. Wangezimwaga, wangengoja siku kumi na mbili, na matuta yangebaki na upara. Kufikia Novemba wasingekuwa na mbegu nyingine wala muda wa kutosha, maana mche ukihamishwa baada ya katikati ya Januari, joto la Machi huukuta kitunguu kingali kidogo.

Nataka isomwe wazi kwamba hakuna mtu duniani angejua. Mtambo ulikuwa umeharibika kweli, na kila lawama ingeangukia huko, au kwa mvua. Maji ya bomba yangefuta ile penseli kwa nusu dakika. Badala yake alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa idara ya India, Dakta Vasudha Kelkar, akamwambia kosa ni la mkono wake, si la mtambo. Alimpa pia barua ya kujiuzulu, aliyoiandika kwenye mgongo wa fomu ya upimaji kwa sababu hakuwa na karatasi nyingine. Dakta Kelkar aliikunja akaitia kwenye droo, akamwambia ataisoma mbegu zikishaota, na kwamba kwa sasa anahitaji mtu anayejua miche.

Tukaanza kupiga simu. Mwenzetu kule Bihar ni Bi Kamini Tirkey, anayeendesha ofisi ndogo ya ugani katika mji ambao mvua zilikuwa zimekataa kuuacha. Jumatatu laini ilikuwa imekatika. Jumanne pia. Faksi ilikuwa inarudi na ule mlio wake wa kukwama. Ta Laurean alikaa kwenye kiti mbele ya mashine ile, kofia magotini, na Mama Edna alipomletea chakula alikishukuru, akakifunika. Alikuwa na orodha ya ugawaji, yenye majina ya familia na idadi ya watoto wao, anaisoma kutoka juu hadi chini, kisha anaanza upya. Nilimwambia asijitese. Akaniambia hajitesi, anahesabu nani ana watoto wangapi.

Jumatano asubuhi, kwao ikiwa jioni, Bi Kamini alipatikana. Dakta Kelkar alimweleza kwa Kihindi. Mzee alikuwa akimwangalia usoni kama mgonjwa anavyomwangalia daktari. Kisha Dakta Kelkar akaziba kipokeo kwa mkono akatuambia kwamba matuta yalikuwa yamelowa mno na wengi hawakuthubutu kumwaga mbegu. Mvua ile tuliyoilaani siku tatu ilikuwa imewazuia. Waliokwisha kupanda ni thelathini na wanane.

Bi Kamini na wenzake wawili walifungua ghala kesho yake na kuzunguka vijiji kwa baiskeli, siku tano, wakibadilisha pakiti. Fungu la tatu lilikuwa dogo kuliko la nane, hivyo kila familia ikapata pungufu kidogo, na wale thelathini na wanane wakapata chini ya hapo. Kwa ajili yao Ta Laurean alikaa nami kutengeneza kalenda nyingine, ukurasa mmoja tu: matuta yaliyoinuliwa, mbegu zipangwe mstarini zisirushwe, nyasi kavu juu usiku wa baridi, mche uhamishwe ukiwa mchanga, kabla ya tarehe 15 Januari. Alibishana nami kwa kila siku niliyoiongeza. Nilichapa ukurasa ule mara tisa.

Miezi iliyofuata alikonda. Kila faksi ya Bihar ilipoingia, alikuwa wa kwanza kuifikia na wa mwisho kuisoma. Alikuwa akimpa mtu mwingine aisome kwanza.

Mavuno yalijulikana mwezi wa Mei. Waliobadilishiwa mbegu kwa wakati walivuna kama kawaida. Kati ya wale thelathini na wanane, ishirini na tisa walivuna vizuri. Tisa hawakuvuna vizuri. Vitunguu vyao vilikuwa kama marumaru, na mmoja wao, mjane aitwaye Budhni, kitalu chake kiliozea chini chote, akapanda njegere akaambulia hizo.

Tulimpigia makofi Mzee siku hiyo, kwa ile hesabu kubwa. Yeye aliomba majina ya wale tisa. Aliwaandikia barua tisa, kila mtu ya kwake, akijieleza kuwa yeye ndiye aliyechanganya trei, na Dakta Kelkar akazitia katika Kihindi. Majibu yamekuja mawili. Mmoja alimwambia kwamba baba yake mwenyewe aliwahi kupanda mbegu mfu, na bado walimwita baba. Budhni, kwa mkono wa mwandishi wa pale posta, aliandika sentensi mbili: kwamba msimu ule ulikuwa mgumu nyumbani kwake, na kwamba mwaka huu angependa mbegu zake zipimwe na mtu yule yule, maana sasa anamjua jina.

Bwana Rwegoshora alikuwa astaafu Aprili, akaahirisha ili angoje mavuno; barua ya Budhni ndiyo iliyomfikisha Juni. Alingoja sampuli za msimu ujao zifike mapema. Fungu la Budhni lilipimwa wiki iliyopita, mbele ya watu wawili, kadi ya mbele na nambari ya chini ya trei zikisomwa kwa sauti, kama utaratibu mpya alioudai yeye unavyoagiza. Zimeota tisini na moja.

Dakta Kelkar aliniruhusu kuandika kwamba ile barua ya kujiuzulu hajaisoma hadi leo.

Ta Laurean, Mzee wetu, tunakushukuru kwa miaka yote na kwa siku zile tatu za Oktoba. Chumba tumekipokea, na joto tutalipima mara nne. Nenda nyumbani kwenu Annandale na Mama Edna, ukale chakula kikiwa moto. Tunakuombea afya, wajukuu, na usingizi wa mtu aliyesema kweli. Na simu ikilia Jumapili kutuulizia joto, tutaipokea.