Chini ya Chuma cha Inchi

Tak. Ukucha mmoja uligonga ubao wa ngazi, kisha kimya. Alwyn Raine alikuwa macho kitandani, na hakuhitaji kuinuka ili ajue: yule mbwa jike ameweka mguu mmoja kwenye ngazi, na sasa anangoja kufukuzwa. Mbwa halali juu. Ndiyo ilikuwa sheria ya marehemu mkewe, Freda, na sheria za Freda hazikuzikwa naye. Alwyn hakumfukuza. Wala hakumwita. Alilala akisikiliza pumzi mbili za viumbe wasio na usingizi, yake na ya mbwa, mpaka dirisha likapauka.

Asubuhi alimvalisha mkanda wa shingoni, akashuka naye hadi kwenye benchi la Thornsike. Benchi hilo lilipigiliwa kwa mbao za mgodi uliofungwa, likawekwa kwenye lango la vibustani vya mboga, mgongo kwa vibanda vya njiwa na uso kwa barabara ya basi. Wenyewe walikuwa wameshafika. Inchi, ambaye mama yake alimwita Norris, alikuwa na chuma cha kupimia mbwa magotini, amekishika kama mtu aliyepakata mjukuu. Mbio alikuwa anatafuna mkate wa stoti, ule mnene wa duara. Mbwa wake hukimbiza kitambaa kinachovutwa kwa kamba kila Jumapili, na yeye Mbio hajawahi kushinda bila kusimulia. Na Birika, yaani Thelma, ndiye mwenye chupa kubwa ya chai, na kwa hiyo ndiye mwenye mamlaka: mtu akizidisha upuuzi, Birika hufunga kifuniko.

— Amekua tena, alisema Inchi kabla ya salamu.

— Na wewe umezeeka tena, alisema Birika. Mwache mtu akae.

Alwyn alikaa. Akasimama. Akakaa. Jike naye, wipeti, yaani mbwa mwembamba wa mbio, alizunguka miguu ya benchi, akalala, akainuka, akaweka kidevu chake chembamba kwenye goti la Alwyn, akakiondoa.

— Huyo mama wa kumchukua anakuja saa ngapi? aliuliza Mbio.

— Saa nne. Anakuja na basi.

— Amewahi kufuga wipeti?

— Alikuwa na paka.

— Paka! Mbio akaweka mkate chini. Jamani, mbwa wa Freda anakwenda kwa mtu wa paka?

— Paka mmoja, alisema Alwyn. Alikufa.

— Nilitegemea nini!

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Katika klabu ya Thornsike, wipeti jike hatakiwi kuzidi sentimita arobaini na saba, kuanzia chini mpaka pale mabega yanapokutana juu ya mgongo. Kwenye maonyesho makubwa ya mijini mwamuzi hutazama kwa jicho tu. Thornsike hawana imani na jicho. Wana chuma cha miguu miwili chenye boriti juu: mbwa akisimama chini yake na miguu ya chuma ikagusa ardhi, amepita. Chuma kikimkalia mgongoni, miguu ikaning'inia, hakupita. Jumanne Inchi alikuwa amempima jike huyu juu ya jiwe la mlangoni, na chuma kilikuwa kimemkalia kama tandiko.

Na Freda, aliyefuga wipeti maisha yake yote na kumfundisha Inchi mwenyewe kukishika chuma hicho, alikuwa na desturi moja. Asiyepita hatunzwi. Hutafutiwa nyumba nzuri kabla ya siku ya maonyesho, na maonyesho yalikuwa Jumamosi hii.

— Ila Alwyn, kaka yangu, alisema Mbio, mimi nakwambia bado kuna njia. Mfupishe kucha. Mnyoe yale manyoya ya begani. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kinajazwa, wee mwehu! alisema Inchi. Hapa tunapunguza.

— Basi haba na haba humwaga kibaba.

— Mpimeni jioni, alisema Birika, akimimina chai. Kila kiumbe ni kifupi jioni. Mimi asubuhi nafikia kabati la sukari, jioni silifikii.

— Huo si ufupi, Thelma. Huo ni uvivu.

— Weka kikombe chako chini, Norris.

— Natania, dada. Mimina.

Upepo ulishuka kutoka milimani ukapekua majani ya liki, vile vitunguu virefu vya majani, kwenye vibustani. Jike akasimama, masikio yamekunjwa nyuma, akatetemeka kwa jinsi wipeti wanavyotetemeka, bila baridi na bila hofu. Alwyn akatia mkono mfukoni. Humo kulikuwa na subana ya Freda, kile kikofia cha chuma ambacho washonaji huvaa kidoleni sindano isiwatoboe. Freda ndiye aliyewashonea mbwa wa kijiji kizima makoti yao ya baridi. Alwyn akaizungusha kwa kidole gumba, akaizungusha tena.

— Mimi nitawaambia kosa lilipo, alisema Mbio. Kosa ni sentimita. Zamani tulipima kwa inchi, na mbwa walikuwa saizi yao. Inchi ni za kwetu, zinawajua mbwa wetu. Sentimita ni za ng'ambo, zimezoea mbwa wa ng'ambo. Unamleta mbwa wa Thornsike mbele ya kipimo cha wageni, unategemea nini? Anajinyoosha! Anataka kuonekana! Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Apone nini?

— Aibu.

— Hata si hivyo, alisema Birika. Mbwa hajakua. Kijiji kimezama.

Wote wakamgeukia.

— Msinitazame hivyo. Mgodi uko chini yetu au hauko? Baba zetu walitoa makaa miaka yote, waliacha nini huko? Matundu. Ukuta wangu wa jikoni umepasuka, wako Norris umepasuka. Ardhi inashuka kila mwaka. Sasa wewe unasimamisha chuma juu ya ardhi inayoshuka, halafu unamlaumu mnyama.

— Ardhi ikishuka, mbwa naye anashuka!

— Miguu inashuka. Mabega yanachelewa.

Mbio akacheka mpaka chai ikampalia. Hata Inchi midomo ilimcheza, lakini hakucheka. Alikishika chuma chake kwa mikono miwili.

— Chekeni, alisema. Babu yangu alikuwa na mmoja, alimbeba chini ya koti akienda mgodini, anamwacha kwa mlinzi wa lango, jioni wanarudi wote. Chini ya koti! Mbwa wa mtu asiye na nafasi, asiye na chakula cha kumwaga, lakini Jumapili anaruka kama mshale. Ndiye wipeti huyo. Sasa nendeni kwenye maonyesho makubwa mkaone. Mrefu anaonekana kwa mbali, mwamuzi anampa kombe. Mwaka ujao kila mtu anazalisha warefu. Mwamuzi mwenyewe nyumbani ana warefu, akimwona mwenye kimo cha haki anamwita kibete. Kidole leo, kiganja kesho, keshokutwa tunafuga farasi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Freda alilijua hilo.

— Freda alijua mengi, alisema Birika taratibu.

— Freda hakuwahi kulegea hata siku moja! Yule dume wake wa kijivu alikuwa mzuri kuliko wote waliowahi kuzaliwa kijiji hiki. Alizidi unywele tu. Akatoka. Na hakulia, maana hakuwa amempa jina. Si ndivyo, Alwyn? Hawapi majina mpaka wapite chini ya chuma. Alisemaje?

Alwyn alitazama barabarani.

— Jina ni kamba, alisema. Ukishalifunga, huwezi kumtoa mbwa bila kujikata.

— Jina ni kamba! Inchi akaupiga mguu wa chuma. Ndiyo maana ukoo wa mbwa wake umebaki safi. Na wewe, Alwyn, mheshimiwa, umekaa mwaka mzima na huyu, unamwita "wewe", unamwita "njoo", hujateleza. Nakuvulia kofia. Wengine tungeshindwa.

Na kweli akaivua kofia. Alwyn alihisi uso wake ukiwaka. Akasimama, akaenda hadi langoni, akarudi.

Hawakujua. Hakuna aliyejua isipokuwa yeye. Mwaka jana, kitanda cha Freda kilipokuwa kimeshushwa sebuleni karibu na moto kwa sababu ngazi zilikuwa zimemshinda, sanduku la watoto wa mbwa lilikuwa miguuni pake. Wa mwisho kuzaliwa alikuwa mdogo kuliko wote. Alilala katika kiganja cha Freda na nafasi ikabaki. Freda aliitoa subana kidoleni akamvisha kichwani kama kofia. Alicheka mpaka kikohozi kikamzuia. Kisha akatazama mlangoni, kama mwizi, akamwinamia yule mtoto akamwambia jina lake sikioni. Halafu akamgeukia mumewe: "Usimwambie Inchi." Kwa wiki zake zote za mwisho alimwita hivyo, kwa sauti ya chini, na kitoto kile kilipanda juu ya blanketi kila kilipoitwa. Baada ya mazishi Alwyn alilifungia jina hilo kinywani. Alidhani anamtunzia Freda heshima. Nani angependa kusikia kwamba mtunga sheria alikuwa wa kwanza kuivunja? Na yule mdogo wa kiganjani alikula, akakua, akakua tena, kama aliyeapa kulikanusha jina lake.

— Kaa, Alwyn, alisema Birika. Unanitia kizunguzungu wewe na mbwa wako.

— Si mbwa wangu.

— Haya. Wewe na mbwa.

Basi la kutoka Bishop Auckland lilisimama. Alishuka mama mfupi mwenye koti la mvua, mkononi ana mkanda mpya mwekundu, bado una karatasi ya dukani. Alivuka barabara akitabasamu kwa wote, kama mtu asiyejua ni nani wa kumtabasamia kwanza.

— Samahani, nimefika mapema? Ndiye huyu? Jamani, mzuri! Miguu hiyo!

— Miguu ndiyo kesi yenyewe, mama, alisema Mbio.

— Karibu chai, alisema Birika, akakuta chupa inatoa matone. Akaitikisa. Ah. Imekwisha. Norris amekunywa yote akihutubia.

— Hakuna shida. Nina basi la kurudi baada ya muda mfupi tu. Mama alichuchumaa, akanyoosha mkono. Jike akaunusa, akautikisia mkia nusu, kisha akamtazama Alwyn. Nimemtengenezea kitanda karibu na jiko, alisema mama. Na blanketi la paka nimelifua.

Alisema hivyo kwa wema wa kweli, na wema huo ndio uliomwia Alwyn mgumu zaidi. Angekuwa mama mkali, Alwyn angekuwa na sababu ya kukataa. Akapiga magoti. Akaufungua mkanda mpana wa ngozi, ule Freda alioushona mwenyewe, akautia mfukoni pamoja na subana. Mama akamvisha ule mwekundu. Ulikuwa mwembamba, mkanda wa mbwa mwenye kichwa kipana na shingo fupi. Kwa wipeti, ambaye kichwa chake ni chembamba kuliko shingo, ulikuwa kama bangili kwenye mkono uliolowa sabuni.

— Mama, huo utamto—, alianza Inchi.

Njiwa akapiga mbawa juu ya kibanda. Jike alirudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa, na mkanda mwekundu ukabaki mkononi mwa mama ukiwa duara tupu. Kabla mtu hajafunga kinywa alikuwa amepita lango.

— Mshikeni!

— Wewe! Njoo! Njoo hapa!

— Mrefu! alipiga kelele Mbio. Ee, Mrefu!

Jike alikuwa ameshafika ukingo wa barabara. Alisimama hapo, mguu mmoja wa mbele umekunjwa, masikio yakigeuka huku na huku. Huku anaitwa wewe, huku anaitwa njoo, huku anapigiwa mluzi, na hakuna hata kimoja kilichokuwa chake. Kule juu ya mteremko basi la kwenda Durham lilikuwa linashuka, na upande wa pili wa barabara sungura alikuwa amekaa kwenye majani. Mgongo wa jike ukaanza kujikunja, kama upinde unavyovutwa.

— Msimkimbilie! alisema Inchi. Atadhani ni mchezo!

— Mwiteni basi! alilia yule mama. Anaitwa nani?

Mbio alimtazama Birika. Birika alimtazama Inchi. Inchi, mwenye jibu la kila kitu kinachozidi na kila kitu kinachopungua, alikigeuza chuma mikononi.

— Ana mwaka mzima! alisema mama. Ana jina gani, jamani?

Alwyn alikuwa ameshafika langoni. Alijua akilitoa, halitarudi. Alijua mama huyu ataondoka na mkanda wake mtupu, na Inchi atajua, na Jumamosi kila mtu ukumbini atajua. Alijua pia kwamba usiku huu mlango wa chumba utakuwa wazi. Akavuta pumzi mpaka kifua kikamuuma, na jike akageuka kabla hata jina halijamalizika kumtoka:

— Subana!