Mama Mlio Anaiacha Meza ya Madereva

Ifikapo tarehe 30 Juni, Mama Mlio atakuwa ametimiza miaka ishirini na tisa ya utumishi katika kampuni yetu ya mabasi, yote akiwa kwenye chumba kimoja kilichobanwa kati ya gereji na stoo ya spea. Siku hiyo atakabidhi funguo, na sisi majirani zake tutaanza kuzoea ukimya. Ninayeandika ni mtunza stoo. Kati ya meza yangu na yake kuna ukuta wa mbao usiozuia hata kikohozi, kwa hiyo mengi ya humu sikusimuliwa, niliyasikia kwa masikio yangu.

Kazi yake kwa ufupi ni hii: dereva akihisi gari lake lina kasoro, anakwenda kumweleza yeye, naye anaamua kama litoke au lilale gereji. Alipoipokea meza hiyo, madereva walikuwa hawaelezi kitu. Waliokuja walisema gari linasumbua, basi. Linasumbua wapi? Huko chini. Mafundi walikuwa wakilala chini ya basi asubuhi nzima wakitafuta "huko chini", wanatoka na mafuta usoni bila jibu. Mama Mlio, ambaye wakati huo bado tulimwita dada, alivumilia kidogo tu. Siku moja dereva mmoja mnene, mpole, mtu wa kuona haya hata kuomba chumvi, alipoanza habari za kusumbua, akamkatiza: "Kaka, usinieleze. Hebu lia kama lenyewe."

Yule bwana akatazama mlango. Akatazama dirisha. Kisha akalia kama mbuzi aliyeachwa na wenzake. Mama Mlio akatoka uwanjani, akamlilia fundi mkuu vilevile, naye akasema bila hata kuinua kichwa kuwa huo ni mkanda wa feni umelegea. Mkanda ukakazwa, basi likaondoka, na jina likamganda hadi leo.

Tangu hapo chumba kile hakikuwa na amani. Beringi zilinguruma, breki zilipiga miluzi, shokapu ziligongagonga, zote kwa midomo ya watu wazima wenye familia. Siku mkurugenzi alipowaleta wageni wa bima kukagua ofisi, walimkuta dereva wetu mkongwe, ndevu nyeupe, amepiga magoti akikoroma kwa nguvu zote. Mgeni mmoja alikimbia kumtafutia maji. Mama Mlio akamwomba mgeni asubiri kidogo, maana mzee alikuwa hajafika gia ya tatu.

Wapo waliojaribu kumchezea. Kijana mmoja aliyekuwa na harusi ya dada yake na hataki safari alikuja na mlio ambao hakuna gari duniani limewahi kuutoa. Mama Mlio akausikiliza kwa heshima, akamwomba aurudie. Wa pili haukufanana na wa kwanza. "Gari lako zima, mwanangu," akamwambia, "mbovu ni wewe. Nenda harusini, ruhusa nitakuombea mimi." Akamwombea kweli, na akapata.

Lakini utani usitusahaulishe jambo kubwa alilotufanyia. Zamani dereva akisema gari bovu, alikaa benchi na basi lake likaja kupewa mwingine likishatengenezwa. Nani angesema? Watu waliuma meno, wakaondoka na breki za kubahatisha. Mama Mlio ndiye aliyepanda na kushuka ngazi za utawala mpaka wakachoka kumwona, na ikakubaliwa kwamba anayeripoti kasoro ndiye wa kwanza kupewa gari la akiba, na lake likipona anarudishiwa. Foleni mlangoni kwake ikarefuka. Sikupenda, maana spea zangu zilitoka kwa fujo, ila usingizi wa wengi uliongezeka.

Wanaomjua wanajua pia kwamba mumewe alikuwa dereva mwenzetu, na ndiyo maana nusu ya kampuni inamwita Mama Mlio shemeji. Huyo bwana aliteseka. Mama Mlio alikuwa na tabia ya kurudiarudia milio nyumbani ili asiisahau kabla ya kuwafikishia mafundi asubuhi. Akikoroga uji analia. Akikunja nguo analia. Mumewe alikuwa akimlalamikia kwa sauti ya kuchoka: "Mke wangu, gereji imefungwa." Haikusaidia kitu.

Sasa nifike kwenye siku ambayo kila mfanyakazi wa wakati ule anaikumbuka. Tulikuwa tumepokea matairi mapya, mazuri kwa macho, meno yamesimama, yananukia upya. Mabasi kadhaa yakafungwa matairi hayo. Ndani ya wiki moja akaja dereva wa kwanza na mlio mdogo, pwa, pwa, pwa, kama mtu anayempigapiga mtoto mgongoni apate kulala. Ukikimbia unazidi, ukipunguza mwendo unapotea. Fundi mkuu alilizungusha kila tairi, hakuona kitu, na kwa haki hapakuwa na cha kuona, kwa sababu tairi likipoa lilirudi kuwa zuri. Siku mbili baadaye akaja wa pili, basi jingine, njia nyingine. Pwa, pwa, pwa. Jioni ile Mama Mlio alikwenda na mlio huo nyumbani, na nasikia familia nzima ilikula huku ikipigiwa pwa, pwa, pwa.

Asubuhi iliyofuata akaja wa tatu. Mama Mlio akagonga ukuta wa mbao na kuniuliza mabasi hayo matatu yamechukua nini stoo kwa pamoja. Sikuhitaji kufikiri, nikasema matairi. Akaenda kwa fundi mkuu, wakachagua tairi moja la basi la pili, wakalichana. Ngozi ya juu, ile yenye meno, ikabanduka mkononi kama ganda la chungwa. Ndani haikushikana na kitu. Meneja wa safari akaja, akaiona, akaamuru kila basi lenye matairi yale lisitoke getini.

Moja lilikuwa limeshatoka. Lilifungwa matairi hayo jioni ya jana yake, likaondoka alfajiri limejaa wanafunzi wanaorudi shule pamoja na abiria wengine, na usukani ulikuwa kwa mumewe.

Tulipiga simu. Yake ilikuwa imezimwa, kwa kuwa alikuwa dereva wa maana asiyegusa simu akiendesha. Ya kondakta haikupatikana, ile barabara ya milimani haina mtandao. Meneja akatuma gari dogo liwafuate. Halafu tukabaki tukisubiri. Mama Mlio alirudi mezani kwake akaendelea kupokea madereva, ila hakumwambia yeyote alie. Waliokuja walisema kwa sauti ya chini, kwa maneno, na kuondoka. Nilikuwa nimekaa upande wangu wa ukuta nikihamisha boksi lilelile la nati kutoka rafu moja kwenda nyingine. Niliogopa, sina haja ya kuficha.

Karibu na saa sita simu ya mapokezi ikalia, ikaulizwa kama shemeji yetu Mama Mlio yupo, naye akaitwa. Aliyepiga alikuwa mumewe, akitumia simu ya duka la kando ya barabara. Alivyosimulia ni kwamba alipoanza kuteremka mlima alisikia pwa, pwa, pwa, akadhani ni mkewe kichwani. Akapunguza mwendo, nao ukapungua. Akaongeza kidogo, nao ukaongezeka. Hapo akajua kwamba mkewe yuko kazini na mlio uko kwenye gurudumu la nyuma. Akasimama pembeni, akawashusha wote. Watu walinung'unika sana, na mzee mmoja alimwita mwoga mbele ya wanafunzi. Kisha akalisogeza basi tupu aliweke mbali na barabara, na mbele ya macho yao ngozi ya tairi ikachomoka, ikazunguka na gurudumu, ikang'oa bati la matope na kupasua sakafu chini ya viti vya nyuma. Yule mzee alimpa mkono, tena kwa mikono miwili, akawa haachi.

Mama Mlio aliweka simu chini, akakaa kwenye benchi la madereva, akalia machozi yake mwenyewe, halafu akacheka, halafu akakasirika kwamba mumewe hakubeba chakula. Gereji nzima ilipiga kelele za furaha. Mumewe aliporudi jioni kwa lifti ya lori, mkewe alimpiga kofi la bega getini, kisha akamshika mkono na hakuuachia mpaka wamefika kituoni. Matairi yale yote yalirudishwa kwa aliyetuuzia.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, Mama Mlio, tunakushukuru kwa miaka yote hii, kwa masikio, kwa ubishi na kwa vicheko. Tunamshukuru pia mumeo na watoto waliokula wakivumilia kelele zetu.

Neno la mwisho ni la kamati ya sherehe. Iliwaalika madereva wote wastaafu waliopita mezani kwako, ikapanga mistari miwili tu ya viti, maana kwa kawaida madereva wa masafa marefu wanaoufikia uzee wakiwa hai ni wachache. Wamejibu karibu wote kwamba wanakuja, wenye fimbo, wenye miwani minene, wenye kushikwa mkono na wajukuu. Jana ilibidi tukaazime viti shule ya jirani. Basi siku hiyo ukisimama kutuaga, mama, kwanza watazame hao waliokaa. Hao ndio kazi yako. Pumzika sasa kwa afya na furaha, na miaka yako ya nyumbani iwe mingi kuliko ya kwetu.