Kikao Ndani ya Boti ya Harlan

Mheshimiwa Mwenyekiti LaVonne, Karani wetu Bernadine, Mchungaji, ndugu wageni mliokuja na mabakuli yenu ya viazi, na wewe Harlan uliyekaa karibu na mlango ili uwahi kutoroka:

Shule niliishia darasa la nane, lakini hotuba hii nimeiandika mwenyewe na hakuna aliyeisahihisha. Miaka ishirini na saba nimekuwa mjumbe wa baraza la kata hii. Nani mwingine ameshinda chaguzi tisa bila kubandika hata picha moja?

Wajumbe tuko watatu: mimi, Harlan na Mwenyekiti LaVonne. Wawili wakikutana, akidi imetimia. Wakigusia jambo la kata, hicho ni kikao, hata kama wamevaa ndala. Sheria ndivyo isemavyo. Na kikao lazima kitangazwe siku tatu kabla, kila mtu aruhusiwe kuhudhuria. Sasa mimi na Harlan, wajumbe wote wawili, tunavua samaki pamoja kila Jumamosi tangu ujana. Tuongee nini humo botini?

Siku Harlan alipoanza, "Ile Barabara ya Mashariki...", nilimziba mdomo kwa kofia. Nikaenda kwa Bernadine, naye akanijibu, "Mzee Verlyn, vueni samaki, mkae kimya." Mimi si mtu wa kunyamazishwa. Nikabandika tangazo: kikao, Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, ndani ya boti ya Harlan, wananchi wote karibuni.

Wakaja kumi na mmoja. Ningemzuia nani? Mchungaji alipoingia na kiti chake, tukazama. Maji yalikuwa ya magotini, jamani, msinitazame hivyo. Bernadine, akiwa humo humo majini, akaandika: "Kikao kimeahirishwa saa kumi na mbili na dakika nne."

Tangu hapo, miaka kumi na moja, tunaongelea hali ya hewa tu, na mvua ikizidi tunaacha, maana mvua inaharibu barabara.

Ndiyo sababu leo naachia kiti ambacho hakuna aliyeweza kuninyang'anya. Wengine wanasema ni uzee. Si uzee. Nataka kuongea na rafiki yangu. Harlan, kesho asubuhi nitakueleza ulivyokosea kuhusu Barabara ya Mashariki, na nitaanza kabla hatujafungua kamba.

LaVonne, keki yako ni tamu, lakini kesho usije botini. Wewe na Harlan mtakuwa wawili.

Asanteni nyote kwa kunitegea masikio. Na mtu mmoja amzuie Harlan pale mlangoni.