Chanceline Akonkwa, Aliyetazama Ndani ya Chuma

Amahoro, wapendwa wote mliofika Minago. Haya ni maisha ya Chanceline Akonkwa, yanasomwa kwa niaba ya baba yake, mzee Pontiani, kama alivyoyaishi yeye, si kama yanavyosimuliwa sokoni.

Alizaliwa hapa Minago tarehe 9 Machi 1984, mtoto wa pili wa mzee Pontiani, mvuvi aliyevuka ziwa kutoka Kivu ya Kusini, na mama Nsimire, muuza mawese, aliyefariki mwaka 2003 kwa ugonjwa wa figo. Alisoma shule ya msingi hapahapa, akaendelea na sekondari kwenye liseyi ya Rumonge hadi 2004, akasoma fizikia chuo kikuu Bujumbura hadi 2009, kisha Ulaya, alikopata udaktari wake wa fizikia mwaka 2016.

Kazi yake ilikuwa neutroni na muoni, chembe ndogo kuliko atomi. Kule Ulaya kuna vituo vinavyozizalisha kwa mashine kubwa, na wataalamu wa nchi nyingi huomba nafasi ya kupima vitu vyao. Muoni humweleza mtaalamu sumaku iliyojificha ndani ya kitu, na neutroni hupenya chuma kinene, zikaonyesha mahali kilipovutwa na mahali kilipobanwa, bila kukikata. Mwaka 2017 alirudi kufundisha Bujumbura, na karibu kila mwaka alisafiri kwenda kupima.

Tarehe 18 Agosti 2012 alifunga ndoa na Heri Mulamba, mwalimu, wakajaliwa watoto wawili, Modeste na Yvette, ambao wameketi hapa mbele.

Tarehe 14 Novemba 2019 kamyo, lori lililobeba wanawake wanaouza ndagala, dagaa wa ziwa letu, ilipinduka Gitaza, kwenye barabara hii ya kwenda Bujumbura, baada ya akseli, ule mhimili wa magurudumu, kukatika, wakafa watu sita, na mmoja wao alikuwa Marguerite, dada yake mkubwa. Akseli hiyo ilikuwa imenunuliwa wiki ileile kama mpya, kwa mfanyabiashara wa spea ambaye jina lake halitasomwa hapa, kwa sababu linatia kichefuchefu. Mtu huyo alisema dereva alikuwa mlevi, na dereva, aliyekufa pia, hakuweza kujibu.

Chanceline hakuamini. Heri alikwenda kwenye duka lilelile akanunua akseli nyingine, nzima, yenye rangi inayong'aa, na Chanceline akaisafirisha ikiwa nzima hadi kituo kimoja cha vile vya Ulaya, kwa maana chuma kikikatwa mkazo ulio ndani hujiachia na ushahidi hupotea. Mwezi Oktoba 2021 neutroni zilipita ndani yake, na chini ya rangi ile safi yakaonekana yaliyofichwa: vipande viwili vya akseli za zamani, vimeunganishwa kwa kuchomelewa, vikasuguliwa mpaka vikafanana na kitu kimoja.

Tarehe 3 Machi 2022 aliyapeleka matokeo mbele ya mkutano wa viongozi. Mmoja wao alicheka, akamuuliza, "Madamu, hiyo chuma uliangalia na macho gani?"

Akamjibu, "Na macho ya neutroni, mukubwa. Hayo macho hayanunuliwi bia."

Hakuna aliyekamatwa. Badala yake yule muuza spea alieneza habari kwamba mashine za Ulaya zimemjaza binti huyu sumu, na kwamba ukimgusa utaoza, na watu wa hapahapa, aliokua nao, wakaacha kumpa mkono, wengine wakahama benchi kanisani. Alilivumilia hilo kwa uchungu, lakini hakunyamaza: alishuka Magara na Gitaza, stendi kwa stendi, akiwaeleza madereva alichokiona, na hao walimsikiliza, wakazing'oa zile akseli kwa mikono yao wenyewe. Barabara hii haijaua tena kwa akseli ya duka lile.

Agosti 2024 figo zake zilianza kushindwa, ugonjwa uleule wa mama yake, ambaye hakuwahi kuiona mashine yoyote ya neutroni. Madaktari walithibitisha kwamba kazi yake haikuhusika, na familia inaomba neno hili lisikiwe hadi nyuma kabisa. Alisafishwa damu Bujumbura kwa miezi minane, akafariki alfajiri ya tarehe 6 Mei 2025, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Heri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa chuo kikuu, wale wa kituo cha Ulaya waliotuma rambirambi, majirani waliopika bila kuogopa vyombo vyake, na madereva waliolibeba jeneza tangu barabarani. Kreti za soda zilizoletwa jana na yule muuza spea zimerudishwa zikiwa zimejaa, na yeye mwenyewe, kwa kuwa yupo hapa na ameketi, anaombwa asiuguse udongo wa kaburi hili.

Chanceline, mwana wa Minago, umechoka kwa haki. Sasa pumzika, na amani iwe yako.