Nesi Zungusha Anastaafu, na Vyandarua Nilivifunga Mimi

Kabla ya pongezi niseme hili: nimemkosea mstaafu wetu. Nesi mkuu wa wodi ya homa, ambaye wote tunamwita Zungusha, anamaliza kazi Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na minne. Mwenyewe ameomba mimi, mpiga deki wa wodi yake, nimwandikie wasifu. Kwa nini mimi? Mpaka sasa sielewi.

Jina la Zungusha lilitokana na kazi. Mgonjwa akiingia na homa, hata hajakaa vizuri, anaambiwa, "Zungusha macho, mwanangu." Akikunja uso kwa maumivu, Nesi anamwangalia ufizi kama unatoa damu, anamtazama vipele kifuani, kisha anamwomba daktari apime na kidingapopo, ile homa ya mbu wa mchana, wasiishie kwenye malaria tu. Kuna mama alikuja kumwona mkwewe, akamzungushia Nesi macho kwa dharau. Nesi akamwonyesha kitanda: "Karibu ulale, mama, wewe homa yako imeshapanda." Wodi ilicheka mpaka mama mwenyewe akacheka.

Ametufundisha wote, hata sisi wa ndoo. Malaria inamtetemesha mtu, inamwacha, inarudi. Kidingapopo inamvunja viungo, na homa ikishuka usishangilie, hapo ndipo umchunge zaidi. Wangapi wametoka hapa kwa miguu yao kwa sababu hiyo, Mungu ndiye anajua.

Na alikuwa na sheria yake: mgonjwa wa kidingapopo akae ndani ya chandarua hata jua likiwa kali, mbu asije akamnyonya akaupeleka ugonjwa kitanda cha pili. Wageni walitania, "Hawa ni kuku mmewaatamisha?" Mimi nilichukia pindo za vyandarua kulowa maji ya deki. Basi kila asubuhi navikunja, napiga fundo juu, namaliza, nabeba ndoo naondoka. Kuvifungua, nasahau. Nesi asubuhi yuko mapokezi, watu wamefurika. Akirudi anavikuta juu, anawagombeza wagonjwa, akidhani wamekimbia joto. Mimi nipo pale pale, nakamua deki.

Halafu fundi cherehani, aliyelazwa kwetu kwa kukosa nafasi wodi ya mifupa, mguu umevunjika, miezi haondoki kitandani, akaanza homa. Macho yanauma kwa nyuma, mwili vipele, ufizi damu. Mguu ulimleta, kidingapopo ameipatia kwetu. Kwenye kikao cha asubuhi daktari mkuu akauliza vyandarua vilikuwaje juu. Nesi akasema, "Wodi ni yangu." Basi. Mimi mlangoni nikaendelea kufagia. Siku hiyo hiyo wakafuta mpango wa yeye kurudi kila Jumanne kuwafundisha manesi wapya, kazi aliyoingoja kuliko kiinua mgongo.

Je, anajua ni mimi? Nilipokataa kuandika alisema tu, "Andika wewe, kaka. Wengine watanipamba." Nimemtazama usoni wiki nzima, siambulii kitu. Amekasirika? Amenisamehe? Au hajui lolote, na mimi ndiye ninayejizungusha?

Fundi alipona. Nilimfuata dukani nikamwambia ukweli. Alinitukana kwanza, halafu akaitazama suruali yangu ilivyopinda mshono, akauliza, "Na suruali hiyo nani kakushonea, adui yako?"

Bado kikao. Jumatano hii, saa mbili asubuhi, kabla daktari mkuu hajafungua mdomo, nitasimama mbele ya wote niseme mafundo yalikuwa yangu, na niombe Jumanne za Nesi zirudishwe. Adhabu itakayokuja nitaibeba.

Dada yetu, asante kwa macho yako. Uende na afya, ulale bila homa, usingizi mzito. Na Jumatano usichelewe kikao. Njoo usikie mwenyewe.